Mwana wa Pili wa Konti Rikgari

Mtu akipita Rughenda, karibu na uwanja wa ndege wa Butembo, akaona nyumba ya ghorofa yenye mabati mekundu na madirisha kumi na manne ya vioo, ajue hiyo ni yangu. Kila tofali nimelilipia mwenyewe. Hakuna mume, hakuna mjomba, hakuna padri aliyenichangia hata msumari, na wanaonong'ona kwamba kuna Mzungu nyuma yangu waje niwaonyeshe viganja. Mimi ni mwanamke wa kwanza wa mtaa wetu kuitwa daktari bila kushika sindano. Diploma zangu tatu ziko katika fremu ukutani mwa salon, chumba changu cha wageni, na ile ya Ulaya nimeitundika mahali ambapo mgeni hawezi kuketi bila kuiona. Tasnifu iliyonipatia hiyo diploma ina kurasa mia nne. Inamhusu mtu mmoja wa Wafranki aliyeitwa Rikgari, konti wa wilaya ndogo ya mtoni, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Konti alikuwa mtu wa mfalme katika wilaya: ndiye aliyekusanya askari, ndiye aliyehukumu, ndiye aliyeketi mezani kwanza. Nimeandika juu ya mke wake, dada yake aliyeolewa ng'ambo ya mto kwa adui, binti yake aliyepelekwa utawani, na wanawe. Siku nilipoitetea, maprofesa watano walisimama kunipa mkono. Nayasema haya mwanzoni kwa sababu yanayofuata hayanipi sifa yoyote, na ningependa msomaji akumbuke kwamba sifa ninazo.

Mwezi uliopita Mama Kavira alifariki. Ndiye aliyenilea katika mwaka ule ninaotaka kuusimulia, mwaka wa vita nilipokuwa na miaka kumi na saba. Mwanawe Kasereka, ambaye sasa ni baba wa watoto wanne na ana duka la vipuri vya pikipiki, alikuja kwangu asubuhi akiwa bado hajanawa uso. Aliketi chini ya diploma ya Ulaya, asiitazame. "Dada Masika," akasema, "weye njo uko na masomo. Tuandikie historia ya Mama, ile ya kusoma mbele ya batu, mbele ya kumupeleka ku makaburi. Ukurasa moja inatosha." Kwetu marehemu haendi kuzikwa bila mtu kusimama na kusema alizaliwa wapi, aliolewa na nani, alizaa nani na nani, na kila mtoto alifikia wapi. Nilimjibu kwamba ni heshima kubwa. Alipotoka nikachukua kalamu nikaandika: *Mama Kavira alizaa wana watatu. Wa kwanza Paluku. Wa pili Kambale.* Hapo kalamu ikasimama. Mimi niliyejaza kurasa mia nne juu ya wana wa konti, mstari wa pili wa wana wa Mama Kavira ulinishinda siku nzima.

Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili vya tofali mbele na jiko la mbao nyuma. Wazazi wangu walikuwa Kamango, na barabara ya kwetu ilikuwa imefungwa na vita, kwa hiyo mimi niliyepelekwa Butembo kusoma muhula mmoja nilikaa bila kuona nyumbani hadi mwaka ukaisha. Chumba cha mbele Mama alikifanya malewa, mahali pa kula. Palikuwa na meza tatu zilizofunikwa kwa plastiki yenye maua, kalenda ya parokia, na pazia la lesi ambalo alilifua kila Jumamosi hata sabuni ilipokosekana. Wateja walikula obundu, ugali wetu wa muhogo, kwa sombe ya majani ya muhogo au makayabu, samaki wa chumvi, na kama lori la Lubero limefika, viazi na poro, vile vitunguu vya majani. Harufu ya makayabu iliingia hata katika madaftari yangu. Nilipokuwa Ulaya nililifungua moja siku ya theluji, nikalifunga tena haraka. Jiko la nyuma lilikuwa jeusi kwa moshi kama ndani ya chungu. Juu ya moto palikuwa na dari ya miti ambapo walikausha mahindi na kuni, na juu ya dari hiyo, nyuma ya mahindi, aliishi Kambale.

Nieleze kwa nini. Waasi walioushika mji walikuwa wametangaza kwamba kila nyumba itoe kijana mmoja aende kujifunza bunduki. Nyumba yenye mtoto mwanaume mmoja tu ilisamehewa. Kwa hiyo mtaa mzima ukawa na watoto wa pekee. Kila mama alionyesha kijana wake mdogo kabisa, wengine wakafichwa mashambani, katika visima vikavu, nyuma ya mahindi. Paluku, mkubwa wa Mama Kavira, alikuwa amewahi kuvuka kwenda Kampala kabla barabara hazijafungwa. Kambale alikuwa na miaka kumi na tisa na kikohozi, akakaa juu. Kasereka, wa miaka kumi, ndiye aliyepita mbele ya wanajeshi akibeba sahani. "Mutoto yangu wa pekee," Mama aliwaambia, akimpapasa kichwa, na wanajeshi wakamhurumia, wakati mwingine wakamwachia kipande cha samaki.

Nikijiuliza leo ni wapi nilipokuwa na furaha zaidi maishani, siwezi kusema ni Ulaya. Ni katika jiko lile, saa ya kumi ya alasiri, wateja wameondoka, Mama amekaa juu ya kigoda akichambua maharagi, miguu ya Kambale inaning'inia kutoka darini kama miguu ya mtu aliyepanda mti, na mimi nasoma masomo yangu kwa sauti ili naye asikie. Wakati ule ndipo Mama Foibe wa jirani alipokuwa akipenya katika tundu la ua. Alikuwa muuza samaki, Mprotestanti wa kuimba kwaya, na yeye na Mama Kavira walitaniana kila siku ya Mungu. "Bakatolike, mungali munahesabia Mungu shanga?" angeuliza. "Na ninyi, mungali munamupigia Mungu kelele kama kiziwi?" Mama angejibu, halafu wangekula kutoka sahani moja. Mama Foibe alijua nani yuko darini. Kila aliyekuja nyuma ya nyumba ile alijua. Akimaliza kula alikuwa akigonga dari kwa mwiko na kusema, "Mahindi, uko sawa?" na juu sauti ikajibu, "Mahindi iko sawa, mama."

Mwalimu wetu wa historia, Prof Anselme, alikuwa na kitabu kimoja. Maktaba ya shule ilikuwa imeporwa na hicho ndicho kilichobaki, bila jalada, bila kurasa za mwisho: maisha ya Konti Rikgari. Mwalimu mwingine angelalamika. Yeye alitufundisha Rikgari mwaka mzima, kana kwamba dunia haikuwahi kuwa na mtu mwingine. Tulijua mnara wake wa mbao, ugomvi wake na shemeji yake, nguruwe wake waliokula katika msitu wa mfalme. Lakini somo lililonishika, ambalo baadaye lilinipatia mkate, ni lile la majina. Wafranki wale, alisema, hawakuandika ukoo wao. Tunaoujua tunaujua kwa majina. Mwana wa kwanza alipewa jina la baba wa baba, wa pili jina la baba wa mama, na wa tatu ndipo walipochagua walivyotaka. "Sasa tazameni," alisema akipiga ubao kwa chaki. "Katika karatasi za monasteri tunamwona Rikbodo, ana jina la babu mzaa baba. Tunamwona pia Teodo, ana jina ambalo si la babu yeyote. Basi kati yao palikuwa na nani?" Nikanyoosha mkono mimi. "Palikuwa na wa pili, Prof. Hatumwoni, lakini alikuwepo." Prof Anselme akaliambia darasa linipigie makofi.

Alasiri ile niliwasimulia jikoni. Kambale akacheka kutoka juu. "Na yule wa pili alikuwa wapi?"

"Hakuna mutu anajua. Labda alikufa. Labda alifichwa."

"Alikuwa ku dari," akasema Kambale. "Anakohoa. Hee, Masika, ule konti yako alikula nini?"

"Nguruwe."

"Na sombe?"

"Kule hapana sombe."

"Donc alikuwa masikini," akasema, na Mama akacheka hadi akamwaga maharagi. "Masika, siku utaandika kitabu juu ya ule wa pili, uandike kwamba alikuwa muzuri wa sura. Hakuna mutu atakukatalia."

Kitabu nimekiandika. Zile kurasa mia nne, ukizikamua, zinasema jambo moja: kwamba Konti Rikgari alikuwa na mwana wa pili, na kwamba tunaweza kumjua kwa majina ya ndugu zake. Maprofesa walisema nina jicho la pekee. Waliniuliza nililipata wapi, nikasema Butembo, wakacheka kwa upole wakidhani nawatania. Sijui nilitaka waelewe nini. Kwa miaka sita nilikaa katika chumba chenye joto, nikimtafuta mwana wa pili wa mtu mwingine katika karatasi za ngozi ya kondoo, na kila niliposogea karibu naye nilihisi kana kwamba nalipa kitu. Sikuwa nalipa chochote. Nilikuwa napanda cheo.

Mkubwa wa wanajeshi wa mtaa wetu alikuwa Kapiteni Zefirini. Alitoka mbali, magharibi, kwenye mto mkubwa. Alisema Kilingala na Kifaransa, na Kiswahili chake kilichechemea. Hakuwa mlevi. Alinawa mikono kabla ya kula na kusema asante baada ya kula, na jambo hilo lilituogopesha kuliko matusi ya wengine. Siku moja ya mvua alikuja peke yake wakati nimekaa kwenye meza ya pembeni na daftari langu. Nilikuwa nimechora ukoo wa konti, mistari na majina, kwa kalamu ya rangi mbili. Alisogeza sahani, akainama.

"Oyo nini?"

"Ni familia ya mutu moja, mon capitaine. Konti Rikgari."

"Konti njo nini?"

"Mukubwa wa wilaya. Mufalme anamutuma, anakusanya baaskari."

"Commandant, quoi." Akacheka. "Na alama hii ya kuuliza, hapa katikati?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, kwa Kifaransa safi, babu mzaa baba, babu mzaa mama, Rikbodo, Teodo, na yule asiyeonekana. Aliacha kula. Alisikiliza kama Prof Anselme alivyonisikiliza, kidevu juu ya ngumi. "Mwana mayele," akasema, yaani mtoto mwenye akili. "Nilifanya mwaka moja ya universite mbele ya vita. Hakuna mutu alinifundisha ile. Batu ya zamani balikuwa na akili."

Ningenyamaza hapo. Nimejirudia maneno hayo mara nyingi kuliko sala yoyote: ningenyamaza hapo. Lakini alikuwa amesema watu wa zamani walikuwa na akili, nami nilitaka ajue kwamba hata sisi tunayo. "Mais si bale tu, mon capitaine," nikasema. "Sisi Banande tunabapita. Kwetu jina inasema namba. Mwanaume wa kwanza ni Paluku. Wa pili Kambale. Wa tatu Kasereka. Wa ine Kakule. Mwanamuke wa kwanza ni Masika, njo mimi."

"Kila nyumba?"

"Kila nyumba," nikasema kwa fahari.

Kila Mnande angeyajua hayo usingizini, na ndiyo maana hakuna aliyewahi kutuonya tusiyaseme. Hata vijana wa kwetu waliovaa sare za waasi waliyajua, walisikia majina ya watoto waliobeba sahani, na wakatazama pembeni. Mji mzima ulikuwa umenyamaza bila kupatana. Mimi peke yangu nilisema, na nilisema kwa Kifaransa safi. Dakika ileile sauti ya Mama ikatoka jikoni, "Kasereka! Kuja ukamate sahani ya kapiteni!" na mtoto akaingia akikimbia.

Kapiteni alimtazama. "Petit, unaitwa nani?"

"Kasereka."

"Ah." Mama akaingia nyuma yake akijifuta mikono. Kapiteni akamtabasamia. "Mama, chakula iko malamu. Batoto banaume uko nabo ngapi?"

"Moja tu, mon capitaine. Ule ule. Mungu alinipatia ule peke yake."

"Moja," akasema. Hakumtazama yeye; alinitazama mimi, kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyejibu sawasawa. Nakiri, na ni jambo gumu kuliko yote kulikiri: kwa pumzi moja nilifurahi. Kwa pumzi ya pili nilielewa.

Zilipita siku mbili. Watu wakinisikiliza hadi hapa hufikiri kosa langu ni lile la mezani, na ningependa iwe hivyo, kwa sababu lile lilikuwa kosa la mtoto mwenye kiherehere. Kosa langu ni zile siku mbili. Ningeweza kuingia jikoni na kumwambia Mama, "Kapiteni anajua." Kambale angeshuka, angepita katika mashamba ya kahawa, angefika milimani kwa mama zake wadogo. Lakini kumwambia kapiteni anajua kulitaka nimwambie amejuaje. Kwa hiyo nilijiambia labda kapiteni amesahau. Nilijiambia mtu aliyesoma hawezi kulitumia somo hivyo. Alasiri ya pili Kambale aliniuliza kutoka juu kwa nini leo sisomi, nikasema nina homa. "Kunywa mayi ya moto na ndimu," akasema. "Usife mbele ya kuandika kitabu yetu."

Walikuja asubuhi ya siku ya soko. Hawakupita mlangoni, walipita kwa Mama Foibe, wakapenya katika lile tundu la ua, wakaingia jikoni moja kwa moja. Hawakuuliza. Mmoja alipanda juu ya kigoda cha Mama na kuyachokoa mahindi kwa mtutu wa bunduki. Kambale alishuka mwenyewe, mweusi kwa moshi, akikohoa, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumsimamisha mama yake aliyekuwa amepiga magoti. "Mama, simama. Mama, batu banaangalia." Kisha wakaenda nyumba ya pili, na ya tatu. Walikuwa wakiwasimamisha watoto barabarani na kuwauliza jina. Aliyejibu Kasereka, waliingia kwao kutafuta wawili. Aliyejibu Kakule, watatu. Kufikia saa sita lori lilikuwa limejaa. Tangu siku ile wamama wa mtaa wetu walianza kuwaita watoto wao kwa majina ya ubatizo tu, Jean, Espérance, Moïse, na hadi leo utakutana na mtu mzima pale ambaye hataki kukuambia jina lake la pili.

Tulisikia kwamba wamepelekwa Beni. Mama alipika sombe nyingi, akaifunga sufuria kwa kitenge, na tukapanda juu ya lori la viazi, yeye na mimi, kwa sababu nilijua Kifaransa cha kuongea na walinzi. Katika kila kizuizi nilishuka na kusema Kifaransa changu, na Mama aliwaambia abiria wenzetu, "Ni mutoto yangu wa kitabu, huyu." Beni kulikuwa na joto kuliko kwetu na vumbi jekundu lilifika magotini. Vijana walikuwa wamefungiwa katika ghala la zamani la kahawa lenye uzio wa waya, na wamama walisimama nje wakiwa na masufuria, kama foleni ya zahanati. Mlinzi alimuuliza Mama mtoto wake anaitwa nani.

"Kambale."

Mlinzi, kijana wa kwetu, alicheka bila furaha. "Mama, Kambale gani? Humu banajaa baKambale. Ita mwenyewe."

Mama akashika waya kwa mikono miwili na kuita. "Kambale!" Vichwa vingi viligeuka kwa pamoja. Vijana walisogea kutoka kivulini, wengine wakikimbia, kila mmoja akitafuta ni mama wa nani amekuja, kila mmoja wa pili kwa mama yake. Mama aliwatazama uso kwa uso hadi wa mwisho. Wake hakuwemo. Mmoja wao, mrefu, mwenye bandeji mkononi, alituambia wale waliotoka Butembo na lori la kwanza walikuwa wamepelekwa juzi upande wa Eringeti, na kutoka pale Ituri, na kwamba kuna mmoja aliyekuwa akikohoa sana na kuwachekesha. Mama akafungua kitenge, akapitisha sufuria chini ya waya. "Kula, Kambale," akamwambia kijana yule. "Kuleni bote." Alisubiri wamalize, akarudishiwa sufuria tupu, akaifunga tena kwa kitenge kana kwamba bado ina kitu.

Kambale hakurudi. Hatukupata maiti, hatukupata barua, hatukupata mtu wa kusema nilimwona. Mama aliendelea kuuza chakula kwa sababu ilibidi tule, lakini aliziba tundu la ua kwa mbao na misumari mirefu. Wanajeshi walikuwa wamepita kwa Mama Foibe; wiki ileile watu walimwona Mama Foibe akimuuzia mwanajeshi samaki na kuzungumza naye; kwa mtaa, huo ulikuwa ushahidi wa kutosha. "Ni ulimi ya ule mwanamuke," Mama alisema, mara moja tu, akipigilia misumari, na mimi nilikuwa nimemshikia ubao. Nilimshikia ubao. Mama Foibe alikuja mbele ya nyumba akamwita kwa jina la mwanawe, "Mama Kambale! Mama Kambale!" na hakujibiwa. Wateja wake wa samaki walipungua hadi akahamia soko la mbali. Mwaka ulipokwisha nilifaulu mtihani wa taifa kwa alama ambazo shule yetu haikuwahi kuziona, nikaondoka, na mengine yako katika fremu ukutani. Kila niliporudi likizo nilimletea Mama nguo, dawa za macho, televisheni. Alinibariki kila mara. Aliwaambia wageni kwamba Mungu alimnyang'anya mwana akampa binti msomi, na mimi niliketi pale, nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Kwa hiyo sasa msomaji anajua ni kwa nini kalamu ilisimama. Ningeweza kuandika *alipotea wakati wa vita*, kama wanavyoandika wote, na hakuna ambaye angeuliza. Siku ya mazishi walitandaza hema la turubai uani kwa Mama, wanawake chini juu ya mikeka, wanaume kwenye mabenchi ya kanisa. Kwaya za pande zote mbili zilikuja. Mama Foibe alikuja pia. Mtu asipokwenda matanga ya jirani, hata jirani adui, husemwa. Lakini hakuingia chini ya hema. Alikaa kwenye jiwe upande wa barabara, mzee, mwembamba, kitambaa cha kwaya begani, na wanawake waliopita walimpita kana kwamba jiwe lilikuwa tupu.

Nilisimama na ukurasa wangu. Nilivaa suti ya bluu, na nilisikia watu wakinong'onezana ndiye yule daktari. Nilisoma alizaliwa wapi, aliolewa na nani. Nilisoma Paluku. Kisha nikasoma nilichokuwa nimeandika asubuhi ile, baada ya kuchana kurasa nyingi: "Wa pili, Kambale, alichukuliwa kutoka dari ya jiko hili. Hakuna jirani aliyemtoa. Aliyemtoa ni mimi, Masika. Nilimweleza kapiteni majina yetu yanavyokwenda, kwa sababu nilitaka anisifu. Halafu nilijua kwamba amejua, na nilinyamaza siku mbili. Mama alikufa bila kuambiwa."

Sikusikia kilio nilichotarajia. Nilisikia turubai likipigwa na upepo. Paluku, aliyetoka Kampala kwa mazishi, aliinuka akatoka nje bila kunitazama, na hajazungumza nami hadi leo. Kasereka alibaki ameketi karibu na jeneza, mikono katikati ya magoti. "Soma mupaka mwisho," akasema kwa sauti ndogo. "Nimebakia mimi. Soma na yangu." Nikasoma: wa tatu, Kasereka. Sauti yangu haikuwa tena ya daktari.

Nilipomaliza nilitoka chini ya hema nikaenda hadi kwenye jiwe, watu wote wakitazama, nikapiga magoti katika vumbi na suti yangu. "Mama Foibe," nikasema, "nihurumie." Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka sura. Macho yake yalikuwa yamefifia.

"Ule mwanajeshi aliniuliza," akasema polepole. "Wakati ninamuuzisha samaki. Aliniuliza, jirani yako iko na batoto? Nikasema, iko nabo, kama kila mutu. Njo vile tu nilisema. Mais kisha balipopita kwangu, nikafikiri, labda ni ile neno. Labda nilisema na ingine nikasahau." Alishika kitambaa chake, akakikunja, akakikunjua. "Nikaenda kwa muchungaji, nikamuambia, ulimi yangu iliua mutoto wa mwenzangu. Akasema tuombe, kisha nishiriki tena. Mais sikuweza. Kila wakati banapitisha mukate na divai, mimi natoka, nasimama inje na batoto."

Nyuma yetu walikuwa wamelinyanyua jeneza, na kwaya ya Mama Foibe ilianza kuimba. Hakugeuka. Aliniwekea mkono kichwani, si kunibariki, nadhani, bali apate pa kujishikilia.

"Donc ile miaka yote," akaniuliza, "nilikuwa naweza kula meza ya Bwana?"